Foleni ya shimo la nne: tununue programu ya kusimamia mwendo, au tatizo ni letu wenyewe?

StartaKaskazini (Jumapili usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaojua, maana kamati yetu inakaa Alhamisi ya wiki ijayo na mimi nimeambiwa nije na pendekezo mkononi.

Mimi ni starta, yaani ninayeruhusu makundi yaanze, na msimamizi wa makedi, wabeba mifuko ya fimbo, kwenye klabu moja ya gofu ya mashimo tisa huku kaskazini mwa Tanzania. Kabla ya hapo nilibeba mifuko miaka kumi na minne, kwa hiyo uwanja huu naujua kwa nyayo. Anayetaka mashimo kumi na nane anazunguka mara mbili. Vigari hatuna. Watu wanatembea, na kila mchezaji ana kedi wake.

Kila Jumamosi tunapokea wachezaji 64, yaani makundi 16 ya watu wanne wanne. Kundi la kwanza linapiga saa 1:00 asubuhi, la pili saa 1:08, na kuendelea hivyo kila dakika nane mpaka la mwisho saa 3:00. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, kundi la kwanza linamaliza mzunguko wa kwanza kwa masaa mawili na dakika kumi, safi kabisa, halafu mzunguko wa pili linakwama na kumaliza yote kwa zaidi ya masaa matano. Makundi ya mwisho yanakaribia masaa sita. Watu wanarudi wamenuna, chakula kimepoa, wengine wanaondoka bila kusubiri zawadi.

Kisiki chetu ni shimo la nne. Ni fupi, la mikwaju mitatu, unapiga kuvuka mfereji wa maji ya mashamba kwenda kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) iliyoinuka, na mbele yake kuna bunka mbili za mchanga. Ukifika pale saa 3:00 asubuhi unakuta kundi moja liko kwenye grini, jingine limesimama kwenye tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza, na mengine mawili yamekaa chini ya mjakaranda yakila karanga.

Sasa kilichonifanya niandike. Jumamosi mbili zilizopita, pale pale shimo la nne, mwanachama mmoja alimkaripia kedi wa kundi lililokuwa mbele yake. Kijana ana miaka 19. Alikuwa ameinama anasawazisha mchanga wa bunka kwa reki, kazi yake, na yule bwana akapiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji kwamba yeye na "bibi yake" wanaharibu siku ya watu. "Bibi" mwenyewe ni mama mmoja mwalimu mstaafu, ana miaka 71, ndiye aliyewafundisha nusu ya wanachama wetu hesabu. Mama alimaliza kuputi, akatoa mpira shimoni, akamkabidhi kijana glovu na kumwambia, "Mwanangu, twende nyumbani." Hajarudi mpaka leo. Na kinachoniuma ni kwamba asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimemtumia kijana ujumbe wa simu: "Ongezeni mwendo." Nilituma kwa sababu niliona kundi lile liko nyuma ya muda wake. Sikuangalia kitu kingine.

Mapendekezo yaliyoko mezani ni matatu. La kwanza, kampuni imetuletea ofa: kila kundi linapewa kidude cha GPS kinachoning'inizwa kwenye mfuko, mimi nakaa na tableti naona makundi kwenye ramani kwa rangi, kijani, njano na nyekundu. Malipo ni kwa dola, kila mwezi. La pili, tutengeneze kitu chetu wenyewe kwa simu za makedi. La tatu, ambalo mimi silitaki hata kidogo, makedi wa kundi linalochelewa wakatwe sehemu ya malipo yao.

Naomba kujua: kuna aliyewahi kuitumia programu ya namna hii mahali ambapo watu wanatembea kwa miguu? Na je, inaelewa uwanja wa mashimo tisa unaochezwa mara mbili?

---

Marsho_Ghuba

Ndugu yangu Starta, pole na kazi. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, niko Dubai mwaka wa saba sasa, kazi yangu ni umarsho, yaani kusimamia mwendo wa wachezaji, kwenye uwanja wa mashimo kumi na nane. Huku kila mtu yuko juu ya kigari na kila kigari kina skrini, kwa hiyo mimi nashinda na hizo rangi unazozisema.

Nikueleze zinavyofanya kazi. Kila shimo linawekewa muda wake, tuseme dakika 14 hili, dakika 11 lile. Mtambo unajua kigari kiko wapi, unalinganisha na muda uliowekwa, basi rangi inabadilika. Lakini mtambo mzuri hauangalii saa peke yake. Unaangalia pia nafasi kati ya kundi na kundi. Na hapo ndipo marsho mgeni anapoharibu. Anaona kundi jekundu, anapanda kigari mbio mbio kwenda kuwasukuma, akifika anawakuta wamesimama na fimbo mkononi wanasubiri walio mbele. Umekwenda kumgombeza aliyefungiwa njia. Mwezi wangu wa kwanza nililifanya kosa hilo kwa mzee mmoja wa Kikorea, akaniangalia tu, akanyoosha kidole mbele.

Siku hizi nikiona nyekundu, natazama kwanza mbele ya kundi hilo. Mbele kukiwa na shimo zima tupu, hao kweli wamejivuta. Mbele kukiwa na kundi lingine jekundu, na mbele yake jingine, nafuata mkufu mpaka nimpate wa kwanza mwenye nafasi wazi mbele yake. Huyo ndiye wa kuzungumza naye, na hata huyo simwambii "mmechelewa". Nashuka, nasalimu, nasaidia kutafuta mpira, kisha nawaambia, "Mbele kuna nafasi, twendeni tuifikie pamoja."

Kuhusu kutembea: vigari si lazima. Tagmarshal, kampuni iliyoanzia Afrika Kusini, ina vidude vya kuning'iniza kwenye mfuko kwa ajili ya viwanja vya watu wanaotembea. Kwa hiyo ofa yenu si ya kubuni, ni kitu kinachofanyika. Ila kabla ya kutia saini waambieni waje na vidude vitatu tu, mvijaribu Jumamosi moja, muone kama mtandao wa simu unashika uwanja mzima na kama mtambo haudhani kundi lililorudi shimo la kwanza kwa mzunguko wa pili ni kundi jipya.

---

Mhandisi_Moro

Shikamoo wakubwa, habari wenzangu. Gofu nacheza kidogo, lakini kazi yangu ya kila siku ni foleni za malori, na hii yenu ni foleni ile ile.

Starta, hebu tuache programu kwanza. Naomba namba moja tu: kundi moja linashika shimo la nne kwa dakika ngapi? Namaanisha kuanzia wanapokuwa huru kupiga mpira wa kwanza mpaka wametoka kwenye grini na walio nyuma wanaweza kupiga.

Sababu ni hii. Shimo refu linabeba makundi mawili kwa wakati mmoja, la mikwaju mitano hata matatu, maana mmoja yuko grini na mwingine yuko katikati ya njia. Shimo fupi linabeba kundi moja tu. Kwa hiyo shimo fupi ndilo mlango wa uwanja wenu wote. Kama mlango unapitisha kundi moja kila dakika 11 na wewe pale mwanzoni unasukuma kundi kila dakika 8, kila kundi linaongezewa dakika 3 juu ya aliyetangulia. La pili linasubiri 3, la tatu 6, la kumi na sita linasubiri 45. Hakuna hata mmoja aliyejivuta. Wangekuwa vijana wa riadha watupu, bado wangesubiri dakika 45.

Halafu mashimo tisa yana ubaya wake wa ziada. Nikichukua kwamba kutoka kuanza mpaka kufika shimo la nne ni dakika 40, kundi lako la kwanza linarudi mzunguko wa pili na kufika la nne saa 3:50. Kwa hesabu hiyo ya dakika 11, kundi la kumi na sita la mzunguko wa kwanza linaondoka kwenye shimo hilo saa 4:36. Yaani walioanza mapema kuliko wote wanakuta mkia wa foleni waliyoiacha nyuma yao, na wanasubiri dakika 46. Jumlisha: kundi la kwanza masaa matano na dakika 6, la mwisho masaa matano na dakika 51. Linganisha na ulichoandika mwenyewe hapo juu.

Kuna kanuni inaitwa ya Little, kwa jina la John Little aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanaokaa humo. Ukiongeza waingiaji bila kupanua mlango, kinachoongezeka ni muda wa kukaa tu.

Hiyo 11 nimeikisia. Nenda kaipime.

---

StartaKaskazini

Mhandisi, nimesoma mara tatu. Hizo dakika 51 zimenishtua, maana Jumamosi iliyopita kundi la mwisho lilimaliza kwa masaa matano na dakika 50 na ushee, ninayo kwenye daftari. Nitapima Jumamosi hii bila kubadilisha kitu chochote.

---

Kanuni_Kwanza

Kaka Starta, mimi ni mchezaji wa Dar na nipo kwenye kamati ya mashindano ya klabu yetu. Niongeze upande wa kanuni, kwa sababu watu wengi bado wanacheza kwa kanuni za zamani na wanapoteza muda bila kujua.

Tangu Januari 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, siyo tano tena. Huko kwetu nimeona watu wazima wanazunguka kichakani dakika saba na mtu anasema "bado kidogo". Hapana, umepotea. Ukiwa na shaka, piga mpira wa akiba kabla hujaondoka kwenye tii. Kanuni ya 5.6b nayo inapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike na hakuna cha kukuzuia, na kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju aliye tayari anaruhusiwa kupiga kabla ya aliye mbali na shimo, mradi usalama upo. Bendera inaweza kubaki shimoni wakati wa kuputi. Kwa michezo ya kawaida ya klabu, kamati inaweza pia kutumia kanuni ya nyongeza E-5, ile ya kudondosha mpira karibu na pale ulipopotea kwa adhabu ya mikwaju miwili, badala ya mtu kurudi nyuma mpaka kwenye tii.

Lakini dawa ya shimo lenu la nne naijua: kuitana. Kundi la mbele likifika kwenye grini, linaweka alama za mipira, linasogea pembeni mahali salama, linapungia walio nyuma wapige. Hao wakishapiga wanaanza kutembea kuvuka mfereji, na wakati wanatembea, wa mbele wanaputi. Muda wa kutembea wa kundi moja unafunikwa na muda wa kuputi wa jingine. Kwetu tulianza na shimo moja tu, tukaweka kibao kidogo cha mbao kwenye grini: "Ita walio nyuma." Bila kibao watu wanasahau.

Na huyo mama nakuomba umfuate. Wanawake wakubwa ndio wa kwanza kulaumiwa kwa mwendo kila klabu ninayoijua, na mimi nimecheza nao. Wanapiga mpira mfupi, ndiyo, lakini unakwenda katikati ya njia. Hawatafuti mpira vichakani.

---

Kedi_17

Samahanini wakubwa, mimi ni kedi, siyo wa klabu ya Starta. Naomba mtusikilize na sisi.

Simu za makedi zitumike, sawa. Bando ni la nani? Simu yangu inafika saa sita mchana imekufa, na hapo nimeanza saa kumi na mbili asubuhi. Mkitaka tuandike muda, tupeni karatasi na kalamu, au mtununulie bando na pawabenki ziwe mali ya klabu.

Pili, kidude kikikaa kwenye mfuko kinanifuata mimi, siyo mchezaji. Nikienda chooni kinajua. Mchezaji akibaki nyuma anaongea na simu dakika tano, kidude kinasema kundi limesimama, na anayeulizwa ni nani? Mimi. Sasa mseme na kukata malipo! Kedi hawezi kumwambia bosi wake apige haraka, ni huyo huyo ndiye anayemlipa mwisho wa siku. Mfano bosi anataka kusoma mteremko wa grini kutoka pande zote nne, nitamzuiaje?

Pia Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu akifuatiliwa alipo lazima aambiwe kwa nini, na taarifa zisitumike kwa jambo jingine. Kamati ikumbuke hilo kabla haijaweka vidude.

---

StartaKaskazini

Kedi_17, mdogo wangu, umesema yote niliyotaka kusema mimi nikashindwa kupanga maneno. Hoja ya kukata malipo nitaipinga kwenye kikao kwa maneno yako haya haya.

---

StartaKaskazini (Jumapili iliyofuata)

Wakuu, nimepima.

Niliweka makedi wawili wasiobeba siku hiyo, nikawalipa kama waliobeba. Mmoja alikaa chini ya mjakaranda pale tii ya nne, mwingine karibu na grini. Kila mmoja alikuwa na saa, daftari na kalamu. Waliandika vitu vitatu kwa kila kundi: limefika saa ngapi, limekuwa huru kupiga saa ngapi, limeondoka kwenye grini saa ngapi. Jioni nikaingiza kwenye Excel na binti yangu, yeye ndiye anayejua.

Shimo la nne linashikwa dakika 11 kwa wastani. Aliyekuwa mwepesi kabisa alitumia 9, mzito kabisa 14, wale waliopoteza mpira kwenye mfereji na kuanza kubishana wadondoshe wapi. Kundi la kumi na sita lilisubiri dakika 43 mzunguko wa kwanza. Mhandisi alisema 45.

Halafu nikafanya kitu alichonifundisha Marsho. Nilichukua muda wa kila kundi mzunguko wa kwanza, nikatoa dakika za kusubiri zilizoandikwa pale la nne, nikaangalia kilichobaki. Kundi la wazee wetu wanne, ambao kila mtu klabuni anawaita kikwazo, lilibaki na masaa mawili na dakika 12. Kundi la yule bwana aliyemkaripia kijana lilibaki na masaa mawili na dakika 19. Nilimwomba binti arudie hesabu. Akarudia, ikatoka ile ile.

Mama mwalimu hakuwepo siku hiyo kwa hiyo kundi lake sina namba yake. Lakini nilifungua daftari langu la siku ile alipoondoka. Alianza kundi la kumi na mbili. Kundi la kumi na mbili, kwa hesabu ya Mhandisi, lina dakika 33 za kusubiri hata wakikimbia. Mimi nilituma ujumbe wa "ongezeni mwendo" kwa watu ambao sikuwapa pa kwendea.

Pendekezo langu kwa kamati nimeliandika hivi. Makundi yaanze kila dakika kumi, kuanzia saa 1:00 mpaka saa 3:00, yaani makundi 13, wachezaji 52. Nafasi ya saa 3:10 ibaki tupu. Kundi la kwanza linarudi saa hiyo, linakunywa maji dakika kumi, linapiga tena saa 3:20, na yanayofuata hivyo hivyo mpaka saa 5:20. Wachezaji 12 waliobaki waanze mzunguko wao saa 5:30. Shimo la nne tuitane, na kibao kiwepo. Ofa ya vidude tuiweke kando kwa sasa, kwa sababu ingeniletea tableti nzuri ya kuonyesha foleni niliyoitengeneza mwenyewe kwa dakika nane zangu.

---

Mhandisi_Moro

Safi sana. Jambo moja tu: dakika kumi peke yake haitoshi kama mlango ni 11. Kundi la kumi na tatu bado litasubiri 12. Kuitana ndiko kutakakoshusha mlango chini ya kumi, kwa hiyo usikubali kamati ichukue nusu ya pendekezo.

---

Marsho_Ghuba

Na mimi naongeza: ule mtambo usiutupe kabisa. Ukishanyoosha ratiba, ndipo mtambo unapokuwa na faida, kwa sababu sasa nyekundu itakuwa nyekundu ya kweli. Ukiuweka juu ya ratiba iliyobanana, uwanja mzima utakuwa mwekundu kuanzia saa 3 na hutajua uanzie wapi.

---

StartaKaskazini (Jumapili ya tatu)

Kikao kilikuwa kirefu. Mweka hazina alisema tunapoteza wachezaji 12 asubuhi. Nilimjibu kwamba hatuwapotezi, wanaanza saa 5:30, na kwamba hata tukianzisha makundi 16, shimo la nne linapitisha kundi moja kila dakika 11 tu, hawa wa ziada tunawalipisha ili wakakae chini ya mti. Akanyamaza, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kukata malipo ya makedi kumeondolewa kwenye ajenda. Nilisoma maneno ya Kedi_17 kwa sauti, jina sikutaja. Jaribio limekubaliwa kwa Jumamosi nne.

Jana ilikuwa ya kwanza. Makundi manne ya mwanzo walisahau kuitana hata na kibao kipo, ikabidi nishuke mwenyewe nisimame pale grini. Kuanzia kundi la tano walizoea. Muda wa kushika shimo ulishuka mpaka dakika tisa na kidogo kwa waliokuwa wanaitana. Kundi la kwanza lilimaliza mashimo 18 kwa masaa manne na dakika 34, pamoja na zile kumi za maji. La kumi na tatu, masaa manne na dakika 47. Chakula kilikuwa bado kina moto, nimeona watu wamekaa mezani wanasubiri zawadi.

Mchana ndio haukwenda vizuri. Mvua ilishuka saa tisa, makundi mawili hayakumaliza, na wanataka warudishiwe ada. Hilo bado sina jibu lake. Kama kuna klabu inayoanzisha makundi ya pili saa 5:30 wakati wa masika, naomba mniambie mnafanyaje.

Alhamisi, kabla ya kikao, nilikwenda kwa mama mwalimu na lile daftari. Nilimwamkia, nikamwonyesha kundi la kumi na mbili na zile dakika 33. Alivaa miwani, akapiga hesabu mwenyewe kwa kalamu pembeni ya ukurasa, tatu mara kumi na moja, akapigia mstari. Nikamwomba radhi kwa ule ujumbe. Akaniuliza kama kijana yupo bado.

Amejiandikisha Jumamosi ijayo, saa 1:40. Ameomba kedi yule yule.